Kabla Hujasema "Ni Kweli": Makubaliano ya Kukiri Kosa Mahakamani

Hotuba kwa wasaidizi wa sheria, masheha na wananchi, Chake Chake, Pemba. Imewekwa hapa kamili kwa ajili ya walioshindwa kufika.

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Wazee wangu, masheha wetu, wasaidizi wa sheria mliotoka Micheweni, Wete, Mkoani na hapa Chake, mama zangu mliokaa kule nyuma, vijana wangu: ahsanteni kwa kuja.

Nianze na maswali. Kijana wenu amekamatwa. Huu mwezi wa tatu yumo ndani. Kila akipelekwa mahakamani anaambiwa upelelezi haujakamilika, kesi inaahirishwa, anarudishwa. Siku moja anaitwa pembeni: "Wewe kiri tu, tutakupunguzia, urudi kwenu." Akiri? Asikiri? Akikiri, anakiri nini hasa? Ahadi hiyo imeandikwa wapi? Na huyo aliyemwahidi, ana uwezo wa kutimiza?

Kama hamna majibu, kijana huyo naye hana. Na yeye ndiye atakayesimama kizimbani.

Jambo lenyewe linaitwa makubaliano ya kukiri kosa. Ni mapatano baina ya upande wa mashtaka na mshtakiwa. Mshtakiwa anakubali kukiri, na upande wa mashtaka nao unaachia kitu. Kitu gani? Ama unabadilisha shtaka kubwa kuwa dogo, ama unaondoa baadhi ya mashtaka kwenye hati, ama unakubaliana naye juu ya fidia, kurejesha mali na namna utakavyozungumza mbele ya hakimu wakati wa adhabu. Wapo wanaolichukia jambo hili, wanasema haki inauzwa. Mimi silichukii. Likifanywa wazi linamwokoa mshtakiwa na miaka ya kusubiri, linampa aliyeibiwa mali yake mapema, na linaipa mahakama nafasi ya kusikiliza kesi zenye ubishi wa kweli. Lakini nasema likifanywa wazi. Ushahidi uwe wazi, maandishi yawe wazi, na mahakama iwe wazi. Likikosa moja katika hayo, ni bora kesi isikilizwe mpaka mwisho.

Jengine niliweke sawa mapema. Vifungu nitakavyovitaja ni vya Tanzania Bara: Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, sura ya 20, vifungu vilivyoingizwa mwaka 2019 kwa namba 194A mpaka 194H, kwa sheria namba 11 ya mwaka huo, na kanuni zake zikatoka mwaka 2021. Sisi Zanzibar tuna Mkurugenzi wetu wa Mashtaka, tuna Mahakama Kuu yetu, na tuna Sheria yetu ya Mwenendo wa Jinai namba 7 ya mwaka 2018. Kwa hiyo mtu akishtakiwa Wete, asimuoneshe hakimu kifungu cha Bara. Swali lake la kwanza kwa wakili liwe hili: kwa kosa hili, sheria yetu inaniruhusu kupatana, na kwa kifungu gani? Kwa nini basi nawaeleza ya Bara? Kwa sababu vijana wetu wamejaa Kariakoo, wavuvi wetu wanashukia Tanga, wafanyabiashara wetu wanapita bandari ya Dar es Salaam, na huko wakishikwa, sheria itakayowahusu ni hiyo. Na kwa sababu ya pili: kukiri kosa kupo kila mahakama, yawepo makubaliano au yasiwepo.

Tuanze hapo basi, kwenye kukiri kwenyewe. Hapa ndipo watu wengi wanapoangukia.

Tuchukue mfano. Kijana wa huku kwetu anashtakiwa kwa wizi wa magunia mawili ya karafuu kavu. Anasomewa shtaka. Anaulizwa: "Kweli au si kweli?" Anajibu: "Ni kweli niliyachukua, lakini karafuu ni zetu, za shamba la marehemu babu, na mjomba ndiye aliyetuzuilia." Karani anaandika nini? Akiandika "ni kweli" akaishia hapo, kijana amekwisha. Lakini huyo kakiri wizi? Hakukiri! Amekiri kuchukua. Wizi ni kuchukua kitu cha mtu kwa nia ya kukiiba, na yeye anasema kitu ni chake. Anaamini ana haki nacho. Jawabu hilo kwa sheria si kukiri. Mahakama inatakiwa iandike kuwa amekana, na mashahidi waitwe, akiwemo huyo mjomba.

Hili si jambo la huruma ya hakimu, ni utaratibu. Mwaka 1973 Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki, katika shauri la Adan dhidi ya Jamhuri, iliziweka hatua za kukiri, na Mahakama ya Rufani ya Tanzania imeendelea kuzifuata. Zisikilizeni vizuri, maana msaidizi wa sheria akiketi mahakamani, hizi ndizo za kuhesabu vidoleni. Shtaka lisomwe na kuelezwa kwa lugha anayoifahamu mshtakiwa, kila kipengele cha kosa. Jawabu lake liandikwe kwa maneno yake mwenyewe, kwa kadiri inavyowezekana. Kisha mwendesha mashtaka asome maelezo ya tukio: lini, wapi, nini kilifanyika, vielelezo ni vipi. Kisha mshtakiwa aulizwe: haya yaliyosomwa unayakubali yote? Una la kupinga? Una la kuongeza? Akipinga jambo la msingi, au akiongeza neno linaloonesha hana hatia, kukiri kunafutwa na kesi inasikilizwa. Akiyakubali yote, hapo ndipo anatiwa hatiani, na hapo ndipo yanapoingia mazungumzo ya adhabu.

Mnaona uzito wa hatua ile ya maelezo? Watu wakishasema "ni kweli" wanaona mambo yamekwisha, wanaacha kusikiliza. Kumbe ndiyo kwanza yanaanza. Maelezo yanaweza kuwa na kisu ambacho hakikuwepo. Yanaweza kuwa na magunia matano badala ya mawili. Mshtakiwa amechoka, anaitikia tu, "ndiyo, ndiyo". Na kila alichokiitikia kitatumika kwenye adhabu yake. Mfundisheni mtu wenu kusikiliza maelezo neno kwa neno, na kusema pale pasipo sawa: "Hapo sikubali, magunia yalikuwa mawili."

Na aliyekwisha kukiri vibaya? Mlango wa rufaa ni mwembamba. Kwa kawaida aliyekiri hawezi kupinga kutiwa hatiani, anaweza kulalamikia adhabu tu: imezidi kiasi au haifuati sheria. Lakini Mahakama Kuu ya Tanzania, katika shauri la Laurent Mpinga la mwaka 1983, ilitaja sababu nne zinazomruhusu mtu kupinga kukiri kwake mwenyewe. Moja, kukiri hakukuwa kamili au kulikuwa na utata, kama la kijana wa karafuu. Mbili, alikiri kwa kukosea au kwa kutokufahamu. Tatu, lile shtaka lenyewe si kosa kwa sheria yoyote. Nne, hata kwa maelezo aliyoyakubali, kisheria hakuweza kutiwa hatiani. Msaidizi wa sheria ukimtembelea mtu Chuo cha Mafunzo, yaani gerezani, akakwambia "mimi nilikiri tu", usimwambie basi hakuna la kufanya. Omba mwenendo wa kesi. Soma aliandikiwa maneno gani. Maneno mawili matatu ya mwenendo huo yanaweza kuwa ndiyo rufaa nzima.

Sasa twende kwenye mapatano yenyewe. Nini kinachopatanwa?

Watu wanadhani kinachopatanwa ni miaka. Ndugu zangu, kitu kikubwa kinachopatanwa ni jina la kosa. Jina la kosa ndilo linalobeba miaka. Kwa sheria za Bara, unyang'anyi wa kutumia silaha adhabu yake haipungui miaka 30. Haipungui! Hakimu hata akikuonea huruma vipi, mikono yake imefungwa. Wizi wa kawaida mwisho wake ni miaka 7, na hakimu anaweza kushuka chini ya hapo. Aliyeua kwa kukusudia hukumu yake ni kunyongwa; aliyeua bila kukusudia anaweza kufungwa mpaka maisha, lakini jaji ana uwanja wa kupima. Ndiyo maana mapatano mengi ya kesi kubwa yanahusu kushuka kutoka kuua kwa kukusudia kwenda kuua bila kukusudia. Basi mkiulizwa na familia, "tumpatanie miaka mingapi?", rudini nyuma kwanza. Shtaka lipi? Kifungu kipi? Kina kiwango cha chini au hakina?

Hatua zake Bara ni hizi. Anayeanza anaweza kuwa mwendesha mashtaka, mshtakiwa au wakili wake, wakati wowote kabla ya hukumu, na mahakama inajulishwa. Mahakama haiingii kwenye majadiliano. Hilo ni la msingi: hakimu hakai mezani kupatana na mtu, kwa sababu yeye ndiye atakayekuja kuyapima hayo mapatano. Mwendesha mashtaka, pale hali inaporuhusu, anazungumza na aliyeathirika na mpelelezi kabla hajakubali kitu. Wakishakubaliana, yanaandikwa. Maandishi yabebe maelezo ya tukio, masharti yote, na saini za pande zote. Kama mshtakiwa hafahamu lugha iliyotumika, anafasiriwa na mkalimani naye anathibitisha.

Kisha yanapelekwa mahakamani kusajiliwa, na hapa mahakama inarudi kazini. Mshtakiwa anaapishwa. Anaulizwa: umefanya kwa hiari yako? Umetishwa? Umeahidiwa kitu ambacho hakimo humu? Akili yako iko sawa? Anaelezwa haki anazoziacha: haki ya kukana, haki ya kuhesabiwa hana hatia mpaka ithibitike, haki ya kunyamaza, haki ya kesi kusikilizwa na kuwahoji mashahidi, na haki ya kukata rufaa isipokuwa juu ya ukubwa au uhalali wa adhabu. Mahakama ikiridhika, inayasajili na yanakuwa na nguvu. Isiporidhika, inayakataa na kesi inarudi kwenye njia yake ya kawaida. Kukataliwa huko hakuwazuii kujadiliana upya. Na makubaliano yaliyopatikana kwa hila au kwa udanganyifu yanaweza kuombwa yafutwe.

Lile swali la "umeahidiwa kitu ambacho hakimo humu" liwekeni moyoni. Ndilo swali ambalo mshtakiwa analijibu "hapana" huku anajua ipo ahadi ya mdomo. Kwa nini anasema hapana? Kwa sababu ameambiwa akiitaja, mpango utaharibika. Mpango unaoharibika kwa kutajwa mahakamani haukuwa mpango wa halali. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na uhuru wa mtu ni zaidi ya mali. Kila ahadi iandikwe. Isiyoandikwa haipo.

Nawaletea kisa cha Marekani, kwa sababu wenzetu hawa wamezama katika jambo hili kuliko nchi nyingi. Mahakama Kuu ya kule ilieleza mwaka 2012 kwamba asilimia 97 ya hukumu za hatia katika mahakama za shirikisho, na asilimia 94 katika mahakama za majimbo, zinatokana na kukiri. Kusikiliza kesi mpaka mwisho imekuwa nadra. Sasa, New York, mtu aitwaye Santobello alishtakiwa kwa makosa ya kamari. Akakubaliana na mwendesha mashtaka kuwa atakiri kosa dogo, na mwendesha mashtaka hatasema lolote juu ya adhabu. Ikapita miezi. Siku ya adhabu alikuja mwendesha mashtaka mwengine, hajui ahadi ya mwenzake, akaomba adhabu ya juu kabisa, mwaka mmoja. Jaji akampa mwaka mmoja, akasema mwenyewe kuwa hakushawishika na maneno yale. Kesi ilifika Mahakama Kuu, na mwaka 1971 ikaamuliwa kuwa haidhuru jaji kasema nini: mtu akikiri kwa kutegemea ahadi ya upande wa mashtaka, ahadi hiyo lazima itimizwe.

Mnalichukua fundisho gani? Waendesha mashtaka wanahamishwa. Leo yuko hapa, kesho yuko kituo chengine. Jalada ndilo linalobaki. Kilichomo kwenye jalada kinaishi, kilichosemwa kwenye korido kinaondoka na msemaji. Na hata kilichomo kwenye jalada, tazameni kinamfunga nani. Mwendesha mashtaka anaweza kuahidi yake: kuondoa shtaka, kunyamaza, kuomba adhabu nafuu. Hawezi kuahidi ya hakimu. Mtu akikwambia "hakimu atakupa miezi sita, nimeshazungumza naye", mambo mawili yanawezekana: anakudanganya, au anakwambia kuwa kuna kosa jengine limefanyika.

Na wakili je? Kisa chengine, Missouri, mwaka 2007. Mtu anaitwa Frye kashikwa akiendesha gari ilhali leseni yake imefutwa, na si mara yake ya kwanza. Mwendesha mashtaka akamwandikia barua wakili na chaguo mbili. Moja ilikuwa kulishusha kosa na kuomba siku 90 za kifungo. Barua ina tarehe ya mwisho. Wakili hakumwambia mteja wake. Tarehe ikapita. Frye akaja kukiri bila makubaliano yoyote, akapigwa miaka 3. Siku 90 na miaka 3, ndugu zangu! Na mwenyewe hakujua kama alikuwa na chaguo. Mwaka 2012 Mahakama Kuu yao ikasema kuwa ni wajibu wa wakili kumfikishia mteja pendekezo rasmi la upande wa mashtaka. Familia iliyomlipia wakili ina haki ya kuuliza: je, kuna barua yoyote iliyokuja? Ina tarehe ya mwisho? Ameoneshwa mwenyewe mshtakiwa? Maana anayeamua kukiri ni mshtakiwa. Si wakili, si baba, si mjomba aliyetoa pesa.

Sasa niliingie jambo linaloniuma zaidi, na hapa naomba mnisikilize kwa utulivu.

Mapatano yanahitaji watu wawili wenye uwezo wa kukataa. Anayenunua samaki sokoni ananyamaza, anaondoka, muuzaji anamwita, bei inashuka. Asingeweza kuondoka, je, bei ingeshuka? Basi muulizeni aliyemo mahabusu bila dhamana: yeye ataondoka aende wapi?

Kwa sheria ya Bara yapo makosa yasiyo na dhamana. Utakatishaji wa fedha, yaani kuzifanya fedha za uhalifu zionekane za halali, ni mojawapo. Shtaka hilo likitiwa kwenye hati, mtu anakaa ndani mpaka kesi iishe, na kesi haianzi mpaka upelelezi ukamilike. Mwandishi wa habari Erick Kabendera alikamatwa Julai 2019, akashtakiwa kwa kuongoza genge la uhalifu, kukwepa kodi na kutakatisha fedha. Mama yake alifariki mwisho wa mwaka ule naye yumo ndani. Februari 2020 shtaka la genge liliondolewa, akakiri mengine, akaamriwa kulipa mamilioni ya shilingi, akatoka. Mimi hapa siamui alitenda au hakutenda. Nauliza jambo moja tu: mtu aliyekaa ndani miezi saba, hana dhamana, ushahidi haujaletwa mezani, anakiri kwa sababu gani? Hatuwezi kujua. Na ubaya wenyewe ndio huo: hatuwezi kujua. Mwenye hatia atakiri ili atoke. Asiye na hatia naye atakiri ili atoke. Karatasi zao zinafanana.

Septemba 2019 Rais Magufuli aliwapa waliokuwa mahabusu kwa kesi za uhujumu uchumi siku saba za kuomba radhi na kurejesha fedha, kisha akaziongeza. Mkurugenzi wa Mashtaka akaripoti kuwa washtakiwa 467 wameomba, na fedha na mali walizokuwa tayari kurejesha zilifika shilingi bilioni 107.8. Wengi walifurahi, na fedha ya umma kurudi ni jambo la kheri. Lakini maswali hayakukoma, na mwaka 2023 Rais Samia Suluhu Hassan aliunda Tume ya kuangalia taasisi za haki jinai chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman, na suala la fedha za kukiri kosa likazungumzwa hadharani. Kwa nini? Kwa sababu pale ambapo uhuru wa mtu unakwenda na malipo, lazima ijulikane nani kalipa, kalipa wapi na kalipa kiasi gani. Nawaambia familia: msilipe mkononi. Msilipe kwa simu ya mtu. Malipo yawe kwa namba ya malipo ya serikali, stakabadhi itoke, na kiasi kiwe kile kile kilichoandikwa kwenye makubaliano.

Na kuna shinikizo la aina nyengine, hata dhamana ikiwepo. Kentucky, Marekani, mtu aitwaye Hayes alishtakiwa kwa hundi ya kughushi ya dola 88 na senti 30. Mwendesha mashtaka akamwambia: kiri, nitaomba miaka 5, ukikataa, nitakushtaki chini ya sheria ya wahalifu sugu, ambayo adhabu yake ni maisha. Hayes alikataa. Akashtakiwa, akashindwa, akafungwa maisha. Mwaka 1978 majaji wa Mahakama Kuu waligawanyika, watano kwa wanne, na watano wakasema ni sawa, ndivyo mapatano yalivyo. Mimi niko na wale wanne. Kama miaka 5 ilitosha kwa kosa lile asubuhi, maisha yanatoka wapi jioni? Hayes hakuongeza kosa. Aliongeza kudai kesi yake isikilizwe.

Kwa hiyo kabla ya kupatana, ombeni kuona ushahidi. Nani mashahidi? Wameandika nini? Hati ya ukamataji wa mali ipo, na imesainiwa na nani? Kama ni dawa za kulevya, ripoti ya Mkemia Mkuu imekuja, na inasema uzito gani? Hakuna mapatano ya haki juu ya ushahidi ambao upande mmoja haujauona. Mkijibiwa "upelelezi haujakamilika", nanyi mjibu: basi na mapatano yasubiri. Najua ni rahisi kusema haya nikiwa nje. Najua mtu wenu ndani anahesabu siku. Lakini rikodi ya hatia haihesabiwi kwa siku. Itamfuata kwenye ajira, kwenye safari, na kwenye kesi nyengine yoyote itakayomfika.

Sasa masheha, hili ni lenu. Yapo yasiyopatanwa.

Sheria ya Bara imeyatoa makosa haya moja kwa moja: makosa ya kujamiiana ambayo adhabu yake inazidi miaka 5 au ambayo mwathirika ana umri chini ya miaka 18, uhaini, ugaidi, dawa za kulevya zenye thamani ya zaidi ya shilingi milioni 20, na nyara za serikali (viungo vya wanyamapori, kama meno ya tembo) zinazozidi thamani hiyo, isipokuwa kwa kibali cha maandishi cha Mkurugenzi wa Mashtaka. Wenzetu wa Kenya, waliouingiza utaratibu huu mwaka 2008, nao wameyaweka nje makosa ya kujamiiana.

Na hapa kwetu? Mnajua ninakokwenda. Mtoto amedhalilishwa. Wazee wa pande mbili wanakaa barazani, wanatoa pesa, au wanasema watu waozeshwe, kisha mama wa mtoto anaambiwa asiende kutoa ushahidi. Halafu tunaita suluhu. Jamani, hiyo si suluhu, na wala haina uhusiano wowote na makubaliano ninayoyaeleza leo. Makubaliano ya kisheria yanafanywa na upande wa mashtaka, yanaandikwa, mahakama inayakagua, na mwisho wake mtu anatiwa hatiani. Hilo la barazani mwisho wake ni shahidi kukimbia na kesi kufa. Kesi ya jinai si mali ya familia hata familia iifute. Iko mikononi mwa Mkurugenzi wa Mashtaka. Sheha anayeandika karatasi ya kumaliza kesi ya namna hiyo anajitia mwenyewe kwenye matatizo ya sheria. Zanzibar imeweka mahakama maalumu za kesi hizi. Zipelekwe huko. Mtoto yule hana wa kumsemea barazani.

Kwa makosa yanayopatanika, aliyeathirika naye asisahauliwe. Aliyeibiwa ng'ombe, aliyechomewa banda, ana lake. Aende kwa mwendesha mashtaka mapema, na hesabu iliyoandikwa: kilichopotea, thamani yake, stakabadhi au mashahidi wa thamani hiyo. Fidia haikisiwi. Na ikishakubaliwa, iandikwe ni kiasi gani, kwa mkupuo au kwa mafungu, tarehe zipi, na isipolipwa nini kinafuata. Makubaliano mengi ya fidia yanakufa hapo: kiasi kimeandikwa, tarehe haikuandikwa.

Wasaidizi wa sheria, mkitoka hapa mkakutana na familia yenye kesi, mwambieni mshtakiwa apatiwe wakili kabla ya kuzungumza lolote. Asiye na uwezo, tuna Sheria ya Msaada wa Kisheria namba 13 ya mwaka 2018, anzeni huko. Kazi yenu ninyi si kumpatania mtu. Kazi yenu ni kuhakikisha anafahamu, ana wakili, na ameiona karatasi kabla ya kuitia saini. Ikishasainiwa, nakala moja ibaki na mshtakiwa. Isiende kwa mjomba.

Nikomee hapo tuanze maswali. Nimeambiwa wenzetu wa Micheweni wana gari ya saa kumi, kwa hiyo wao ndio wapewe kipaza sauti mwanzo. Bibi yule wa kilemba cha kijani, nilikuona umenyanyua mkono tangu nilipokuwa kwenye karafuu. Karibu, mama.